Nimewabana wote nyumbani, mwenyewe nakula kuku kwa mama lishe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uniwahi, maana Jumamosi asubuhi mama mkwe wangu anapanda basi la Namanyere ili ashuke kwao Wampembe, na jicho lake la pili bado halijafanyiwa upasuaji, na katika nyumba hii ni mimi peke yangu ninayejua kwa nini anaondoka, na nimenyamaza.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Sumbawanga mjini, mtaa wa Chanji, tumepanga. Mume wangu, Baba Scola, ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na mimi nauza kwenye duka la pembejeo karibu na soko, mbegu, mbolea na dawa za mifugo, wateja wetu ni wakulima na wafugaji wanaotoka vijijini, na kazi yenyewe si ya kukaa, ni ya kusimama kutwa na kunyanyua mifuko. Pamoja na watoto wetu tunalea watoto wawili wa marehemu wifi yangu, na tangu mwezi wa saba mama mkwe yuko kwetu kwa ajili ya matibabu ya macho. Silalamiki, Mungu ni shahidi yangu, ni damu yetu wote hao, lakini mshauri nimechoka, nimechoka mpaka nikilala naota nimechoka.

Tuna kiwanja nje kidogo ya mji na nyumba imefika kwenye lenta, haina bati. Mvua za mwaka jana zilinyesha ndani ya vyumba mpaka udongo wa katikati ya tofali ukaanza kutoka, na mwenye nyumba hapa tulipopanga ametupandishia kodi, kwa hiyo baada ya mavuno niliwakusanya wote sebuleni nikawaambia jamani mwaka huu mvua zisitukute hivi, tufunge mkanda wote, mkubwa na mdogo, mpaka bati lipande. Mpango wote niliupanga mimi. Baba Scola alikuwa na kawaida ya kunywa supu na chapati asubuhi na mafundi wenzake pale stendi, nikamwambia aache, akaacha. Watoto nikawaondolea hela ya kula shuleni, wakawa wanabeba viazi vya kuchemsha. Soda hakuna, bodaboda hakuna mpaka mtu awe mgonjwa, mafuta ya kula nikawa napima kwa kifuniko cha chupa, na sukari nikaifungia kabatini, ikawa inatoka Jumapili tu, siku nyingine uji wa ulezi mkavu. Scola wangu yuko kidato cha pili, siku yake ya kuzaliwa aliniomba, "Mama, hata chipsi za kugawana?" nikamjibu, "Utakula chipsi ukiwa chini ya bati lako." Akaenda kuosha vyombo.

Na walinitii mshauri, hilo ndilo linaloniumiza, walinitii wote. Baba Scola akawa ananisifia kwa watu kwamba ndani ana waziri wa fedha, na wenzake walimcheka, yule rafiki yake Loth alimwambia mbele yangu, "Siku hizi unakwepa supu kama mbuzi anavyokwepa maji," naye akacheka tu, akasema, "Subirini mwone bati." Mama mkwe alikuja na kiroba cha dagaa na migebuka ya kukaushwa, samaki wa kwao ziwani, akatukabidhi, na alichokuta mezani alikula. Mara moja tu aliniuliza, "Mwanangu, sukari huku kwenu imeadimika?" nikamwambia, "Hali ni ngumu kidogo, mama." Akasema, "Haya, Mungu atawapa," na hakuuliza tena.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Bosi wetu hutupa posho ya chakula kila siku, na siku ile sebuleni nilisema mbele ya wote kwamba posho yangu yote itaingia kwenye bati, na mwanzoni iliingia kweli, mimi nikawa nabeba kiazi changu kama watoto. Lakini nyumbani mimi ndiye ninayegawa, na wewe unajua mshauri, anayegawa kwa watu wanane hula kilichobaki chini ya sufuria, na kuna siku hakibaki, unakwangua ukoko na maji ya maharage unasema nimeshiba. Siku moja tulishusha lori la mbolea, nikaona dunia inazunguka, nikakaa juu ya mfuko, na kijana ninayefanya naye kazi, anaitwa Sayi, akaniambia, "Dada, nenda ukale, utatuangukia hapa." Nikaenda kwa Mama Bertila, mama lishe wa upande wa pili wa barabara, nikaagiza wali na kuku wa kienyeji. Nakwambia ukweli, si ule wali. Ni kwamba nilikaa kwenye kiti, mtu mwingine akanipakulia, sahani ikaja imejaa, na muda wote ule hakuna aliyeniita, hakuna aliyesema mama naomba, mama fulani amenipiga, mama mafuta yameisha. Nilikula polepole. Kesho yake nikaenda tena. Ikawa kila siku ya kazi, na nyumbani nikawa nafika naongea habari za kubana matumizi na mdomo wangu umeshiba.

Mama mkwe alipasuliwa jicho la kwanza, likafunguka vizuri sana. Juma lililopita alikuwa na siku ya kuangaliwa hospitalini, na kwa kuwa sasa anaona alikataa kusindikizwa, akaenda mwenyewe kwa miguu. Wakati wa kurudi akaamua apitie dukani kwangu, hajawahi kufika, anajua tu jina la duka. Akalitafuta kwa kusoma vibao. Alipofika akamkuta Sayi, na Sayi bila kujua lolote akamwonyesha, "Dada yuko pale kwa Mama Bertila anakula."

Nilikuwa nimeshika paja la kuku. Nikainua macho nikamwona mlangoni, ile miwani nyeusi ya hospitali ameipandisha kwenye paji la uso, anatabasamu, akasema kwa sauti, "Nimekisoma kibao cha duka lenu! Herufi kwa herufi, hata zile ndogo za chini!" Alikuwa na furaha kama mtoto. Halafu akaiona sahani.

Nikasimama, mkono una mafuta, nikasema, "Mama karibu, kaa nikuagizie."

Akasema, "Hapana, nimeshiba. Kula, mwanangu, kisipoe."

Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri na kikombe cha uji mkavu tumboni. Akatoka nje, akakaa kwenye benchi la pale mlangoni, akanipa mgongo, akawa anaangalia barabara. Mama Bertila akaniuliza, "Nani yule?" na mimi, mshauri, sijui ni shetani gani alinishika ulimi, nikasema, "Mteja wa dukani." Kisha nikakaa nikamaliza chakula. Nilikuwa nimeshakilipia. Najua hilo si jibu, lakini ndivyo nilivyofikiri wakati ule, kwamba nimeshakilipia.

Nilipotoka tukasimama barabarani kidogo. Alisema tu, "Jioni basi," akashika njia ya nyumbani, nami nikarudi kazini. Jioni nilifika nyumbani, nikamkuta anawasimulia wajukuu habari za vibao alivyosoma njia nzima, cha kinyozi, cha duka la dawa, cha fundi saa, na habari za kwa Mama Bertila hakuzigusa. Hajazigusa mpaka leo. Lakini tangu siku ile akipakuliwa anamega kidogo, anasema ameshiba, anawasogezea watoto sahani. Na Jumapili tulipotoka kanisani akamwambia mwanawe kwamba Jumamosi anaondoka, jicho moja linamtosha, Wampembe hakuna cha kusoma.

Baba Scola aliniita uani akaniuliza, "Mama Scola, mama umemfanya nini?"

Nikamwambia, "Sijui, labda amepakumbuka nyumbani."

Akaniangalia. Akasema, "Mimi sielewi. Hospitali wameshampangia siku, mtu anaondokaje?" Akaenda kukaa peke yake. Ni mwanamume anayemheshimu mama yake, na tangu siku hiyo hana raha, na mimi namwona anavyosumbuka na sisemi.

Na ili nisikufiche lolote, baada ya hapo nilirudi kwa Mama Bertila mara moja. Nililia, lakini nilikula.

Sasa mshauri nifanyeje? Nikimwambia mume wangu, hatanisikiliza tena maishani, na watoto je, nitawaambia nini mimi niliyemnyima mwanangu chipsi, na mpango wa bati utakufa hapo hapo na mvua ziko karibu. Nikinyamaza, mama wa watu anaondoka na jicho moja. Au ninyamaze kama alivyonyamaza yeye, maana labda ukimya wake ndio amenisamehe? Naomba unijibu, nimekuwekea namba yangu ya simu. Jina langu usilitoe.

Ni mimi mama niliyechoka,
Sumbawanga.

MSHAURI ANAJIBU

Nitakuita Jovina, ingawa si jina lako, na wote uliowataja nimewapa majina mengine. Barua yako ilinifikia Jumatano mchana, na basi la Jumamosi lisingesubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia siku ile ile. Ninayoandika hapa mengine nilikwambia kwenye simu, na mengine sikukwambia kwa sababu ulikuwa unalia na dukani kwenu kulikuwa na wateja.

Kwanza pole. Naisema na kuimaanisha. Mwanamke anayeshusha mbolea mchana na kukwangua ukoko jioni, akitamani paja la kuku hajafanya dhambi yoyote. Ungeniandikia kwamba umekula kuku, ningekujibu kwa mstari mmoja, kwamba mara nyingine uongeze pilipili. Lakini hukuniandikia hilo, Jovina. Umeniandikia kwamba mama wa mumeo alisimama mlangoni kwa furaha ya kusoma kibao chako, na wewe ukamwita mteja wa dukani. Hapo niliiweka barua chini, nikaenda kunywa maji.

Usinipe habari za shetani. Shetani hana haja ya kukaa kwa mama lishe. Uliona aibu, na ukaamua aibu hiyo aibebe yeye. Na lile la kuniuliza kama ukimya wake ni msamaha, hilo ulilijua jibu lake kabla hujachukua kalamu. Mtu aliyesamehe hali robo sahani na kufunga mizigo.

Nilikwambia umtafute mama akiwa peke yake kabla ya Ijumaa jioni. Nilikwambia usimpelekee zawadi, usipige magoti ya maonyesho, usianze na habari za uchovu wako. Useme ulichofanya kwa maneno machache, kisha unyamaze, na atakachosema ukimeze hata kikiwa kichungu. Uliniuliza, "Na akinitukana?" nikakujibu, "Basi utakuwa umetukanwa na mama yako, wewe si wa kwanza."

Jumapili ulinitumia ujumbe mrefu, na umeniruhusu niwasimulie wasomaji. Ulimkuta uani Alhamisi jioni anachambua maharage. Ukakaa chini karibu naye, ukaanza kuchambua na wewe, ukasema, "Mama, siku ile kwa Mama Bertila nilikuwa nakula pale kila siku. Wote mnabana, mimi nakula. Nisamehe."

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Kuku si neno. Nilimsikia yule mama akikuuliza mimi ni nani, nikasikia na jibu lako. Mimi macho ndiyo yalikuwa mabovu, masikio ni mazima."

Akaendelea, "Nikajua nimewajazia nyumba. Mke wa mwanangu anakimbilia kula barabarani kwa sababu nyumbani kwake hapakaliki. Nikasema nirudi kwangu, nikampishe."

Ukamwambia si hivyo, ukamwambia habari ya sufuria na ukoko, na jinsi pale kwa Mama Bertila unavyokaa bila mtu kukuita. Akakusikiliza. Kisha akauliza jambo ambalo wewe hukulitarajia wala mimi. "Na sukari je? Ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, mama. Niliifungia kabatini."

"Tangu nije?"

"Tangu uje."

Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharage. "Kumbe namsumbua Mungu bure. Kila asubuhi namwomba awape watoto wangu sukari."

Hukuniandikia kama mlicheka. Mimi nilicheka peke yangu ofisini, halafu nikaacha.

Mama hakukukumbatia. Alikwambia atabaki mpaka jicho la pili lipasuliwe, na siku wakimfungua bandeji ataondoka, na asibembelezwe. Alikwambia pia kwamba yeye hatamwambia mwanawe lolote, kwa kuwa hilo ni lako. Jumamosi basi likaondoka bila yeye. Mumeo akafurahi, akakuuliza umemwambia nini mama mpaka amekubali, na wewe, Jovina, ukajibu, "Tumeongea tu."

Tumeongea tu! Nitafika hapo. Tuzungumze kwanza habari ya huo mkanda.

Kubana matumizi ni jambo jema, na nyumba isiyo na bati ni tatizo la kweli. Lakini mpango uliomshinda hata aliyeupanga ulikuwa mgumu tangu mwanzo, na wewe ulijua umekushinda tangu ile sahani ya pili. Ilikupasa urudi sebuleni siku hiyo hiyo useme, jamani, nimekaza mno, tulegeze. Hukusema kwa sababu ulikuwa umeshakuwa waziri wa fedha na sifa zilikuwa tamu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Rudi sebuleni sasa. Waite wote, na mama mkwe awepo, naye ni mla uji kama wengine. Safari hii usiwasomee sheria, waulize. Mwulize kila mmoja ni kitu gani kidogo kikirudi ataweza kuvumilia mengine. Naamini mumeo atataja supu. Mrudishie supu, hata ikiwa siku moja moja, kwa maana fundi hupata habari za kazi pale wanapokaa mafundi, na sioni faida ya kuokoa bei ya bakuli na kukosa geti la kuchomelea. Sukari itoke kabatini. Hiyo sitaki mjadala. Scola mpe chipsi zake, na usimpe pamoja na hotuba.

Halafu nina ugomvi na wewe kuhusu jambo ambalo wewe hukuliona kuwa ni kosa. Ulinitajia kwenye simu kwamba maharage unanunua kwa kilo kwenye duka la jirani, na unga pia. Jovina, unakaa Ufipa! Watu wa mbali hutuma malori kufuata maharage na mahindi hapo ulipo, na wewe unayapima dukani kama mtu wa ghorofani. Kila siku unawahudumia wakulima wa Mpui mezani pako, unawajua kwa majina. Baada ya mavuno mwakani zungumza na mmoja wao, nunua gunia, weka ndani, saga mwenyewe. Hapo ndipo pesa yenu ilipokuwa inavuja muda wote uliokuwa unahangaika na kifuniko cha mafuta.

Posho ya bosi ni ya chakula, na kwa kazi unayofanya itumie kwa chakula. Ila iwe wazi. Beba wali na maharage kutoka nyumbani kwenye hotpoti, chakula cha mtu mzima, si kiazi, na kwa Mama Bertila uende siku moja ya wiki, nyumbani wajue ni siku gani. Utakula kwa amani, na kinachobaki kitaingia kwenye bati bila uongo juu yake. Jioni usigawe wewe. Scola ana mikono, na wale watoto wa wifi yako wana mikono. Wapokezane kupakua, wewe ukae uletewe sahani yako kama baba anavyoletewa. Ukiona wanakupa kidogo, sema. Umeishi miaka mingi ukisema umeshiba, na hakuna aliyekuuliza kwa sababu ulisema vizuri.

Bati lote halitapatikana kabla ya mvua. Nimekusikiliza, na nadhani na wewe unalijua hilo, ndiyo maana unaogopa kulisema. Ezekeni vyumba viwili, mhamie humo, kodi mnayompa mwenye nyumba iende kwenye vingine. Mtabanana. Mtakuwa mmechoka pia, sikudanganyi, kujenga kwa kipato chenu kunachosha na hakuna ushauri wa gazetini unaoondoa hilo. Lakini mtachoka pamoja, na mtu anayechoka na wenzake hana haja ya kujificha akila.

Siku ya jicho la pili omba ruhusa kazini umpeleke mama mwenyewe. Usimtume mtoto. Ukae naye kwenye foleni, na muuguzi akiuliza wewe ni nani kwake, jibu kwa sauti.

Sasa mumeo. Huyu mtu aliacha supu, akachekwa na wenzake, akakutetea. Akakuuliza kwa upole umemfanya nini mama yake, ukamdanganya. Akakuuliza tena kwa furaha, ukamdanganya tena. Kwenye ujumbe wako unasema utamwambia "mambo yakitulia." Mambo yametulia, Jovina. Yametulia kwa sababu mama yake amefunga mdomo kwa heshima yako, na hapaswi kuendelea kuufunga mbele ya mwanawe wa kumzaa. Mwambie yote, kuku, posho, mteja wa dukani, kabati la sukari. Atakasirika. Pengine hatasema na wewe siku kadhaa. Mwache akasirike, ana haki, na usimkatize kwa kumweleza ulivyochoka mpaka akuulize mwenyewe.

Na usiseme utasubiri mwisho wa mwezi. Jibu hili nimekutumia kwanza wewe kwenye simu, kabla halijachapwa. Gazeti hili linatoka Jumatano, na Sumbawanga linafika kwa basi Alhamisi mchana. Majina nimebadilisha, ndiyo, lakini mume anayemjua mke wake hahitaji majina. Una mpaka basi liingie stendi.